Bluu Iliyomsumbua Prof

Mtu akiniuliza bluu ni rangi ya aina gani, mimi humwambia ni rangi yenye kiburi. Nimeihangaikia miaka kumi na moja katika maabara ya chuo kimoja hapa Nakuru, na aliyenitia katika balaa hilo tamu ni mzee mmoja tuliyemwita Prof. Hakuwa profesa kwa karatasi. Cheo hicho alikiomba mara kadhaa, na kila mara wakamwambia angoje, lakini kuanzia mlinzi wa getini hadi mama wa kantini hakuna aliyemwita jina lingine. Mimi nilikuwa fundi wake wa maabara. Niliosha chupa, nilipima unga wa kemikali, niliandika kila alichofanya kwenye daftari, na nilimgombeza alipoweka kikombe cha chai karibu na mizani. Yeye aliniita Fundi, basi.

Ngoja nieleze kazi yenyewe kwanza, maana bila hiyo hutamwelewa mtu huyu. Tulikuwa tunapika punje. Punje za fuwele, ndogo hivi kwamba darubini ya kawaida ya shuleni haizioni. Unachanganya chumvi fulani na mafuta ya moto, unapoza ghafla kwa barafu, na ndani ya chupa unabaki na kitu kama maji yenye rangi kidogo. Ukiyamulika na ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti bandia, wewe! Yanawaka yote, juu mpaka chini. Nilipoona mara ya kwanza nilipiga kelele hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza nani ameungua. Baadaye unazipaka punje hizo kwenye kipande cha kioo, unapitisha umeme, na hapo una taa nyembamba, ya aina ambayo watengenezaji wa skrini za simu na televisheni wanaitafuta usiku na mchana.

Nyekundu ilikuwa imekubali. Kijani ilikubali mapema sana, hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu angekutengenezea. Bluu ilikataa katakata. Ilikula umeme mwingi na kutoa mwanga kidogo, umeme mwingine wote ukapotea kama joto. Na hata huo mwanga kidogo haukutulia. Ukiiwasha taa ilianza bluu safi, halafu polepole, mbele ya macho yako, ikaanza kuelekea kijani. Sababu ni kwamba ili kupata bluu tulichanganya chumvi mbili, kloridi na bromidi, na umeme ukipita chumvi hizo zinaachana, kila moja inakwenda kukaa na wenzake. Prof alikuwa amebakisha mihula mitatu astaafu. Alitaka kabla ya kuondoka aone taa moja ya bluu inayowaka kwa nguvu na kubaki bluu. Hakutaka kitu kingine, na kila mtu katika idara alijua hivyo.

Alikuwa na sweta moja ya kahawia yenye viwiko vilivyoliwa, na alivaa koti jeupe la maabara juu ya sweta hiyo hata Februari jua likiwaka. Mfuko wa kushoto ulikuwa na kalamu, mfuko wa kulia ulikuwa na njugu karanga. Mke wake alikaa Ndabibi, kwenye shamba lao, na Prof alikwenda huko kila Ijumaa na kurudi Jumatatu asubuhi, viatu vikiwa bado na udongo. Kwa hiyo alizungumza na kemikali jinsi alivyozungumza na ng'ombe wake. Nilimsikia mara nyingi ameinama juu ya chupa inayochemka, akiibembeleza: "Simama basi. Simama, mama. Usinirushie teke leo." Wanafunzi wapya walicheka. Wale wa zamani walikuwa wameanza kufanya vivyo hivyo.

Na alikuwa mwimbaji mbaya, Mungu anisamehe. Alikuwa kwenye kwaya ya kanisani, sauti ya nne, na alifanyia mazoezi kwetu. Kazi ikienda vizuri aliimba nyimbo za harusi, ikienda vibaya aliimba za mazishi. Ningeweza kujua matokeo ya siku kabla sijafungua mlango. Muhula mmoja mzima tulizikwa kila siku, hadi mama wa kantini akaniuliza kama huyu mzee amefiwa.

Usafi ndio uliokuwa dini yake ya pili. Alikuwa na msemo aliouandika kwa kalamu nene na kuubandika juu ya sinki: "Kwa kitu kidogo, uchafu mdogo ni mkubwa." Kila chupa ilisuuzwa mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa na mashine, yasiyobaki na chumvi yoyote, kisha kwa spiriti, kisha ikaingia kwenye oveni. Mara tatu, si mara mbili. Alisimama nyuma yangu akihesabu kwa vidole. Lakini meza yake mwenyewe, aki, ilikuwa jalala! Maganda ya njugu, karatasi za mtihani wa mwaka juzi, soksi moja, nusu ya mandazi iliyogeuka jiwe. Siku moja nilimwambia, "Prof, hii meza yako nayo umeisuuza mara ngapi?" Akaniangalia juu ya miwani na kusema, "Fundi, mimi sipikii punje kwenye meza." Alikuwa na jibu kwa kila kitu.

Aliwahubiria wanafunzi subira, ilhali yeye subira alikuwa hana hata ya kungoja chai ichemke. Aliinywa vuguvugu na kuilaumu. Alifungua mlango wa oveni kila baada ya dakika mbili kuangalia kama chupa zimekauka, na kufungua huko ndiko kulikozichelewesha kukauka. Nilimfukuza na taulo. Alikuwa bahili wa kemikali hadi tone la mwisho, lakini ukija kazini bila chakula angekupa githeri yake yote akuambie ameshiba, kumbe tumbo linanguruma. Alikuwa mzee wa kanisa mwenye heshima zake, lakini stima ikipotea katikati ya jaribio, maneno yaliyomtoka siwezi kuyaandika hapa. "Pale Olkaria ardhi inatokota mvuke mchana kutwa!" angepayuka, akionyesha upande wa Naivasha, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, kama vile tuliokuwepo ndio tulioizima stima. "Sisi majirani wa chungu chenyewe ndio tunalala njaa!" Halafu angetoka nje kutembea, na akirudi angemwomba msamaha kila aliyemsikia, mmoja mmoja.

Kitu kimoja hakikuwa na kinyume chake: daftari. Kilichofanyika kiliandikwa, hata kama ni aibu. Kuna mara alipiga chafya juu ya chupa iliyo wazi, akaniamuru niandike. Nikaandika: "Saa nne na robo, Prof amepiga chafya." Liko mpaka leo.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nimelisimulia mara nyingi na bado masikio yanapata moto.

Ilikuwa muhula wake wa mwisho. Mashine ya kutonesha maji ilikuwa imekufa, kifaa chake cha kuchemshia kimejaa magadi, na fundi wa kuitengeneza alikuwa anatuambia kesho, kesho. Tulikuwa tunatumia maji ya madumu tuliyoazima kwa idara ya biolojia. Alhamisi hiyo madumu yalikuwa yameisha. Shule zilikuwa zinafungwa, mwanangu alikuwa ananingoja getini kwao na sanduku lake, na mimi nilikuwa na chupa kumi na mbili za kuosha. Nikafanya nini? Nilizipeleka kwenye bomba la nje, lile la maji ya kisima, nikazisuuza, sikupitisha hata spiriti, nikazitupa kwenye oveni nikakimbia. Nilijiambia, maji ni maji.

Mtu wa Nakuru hapaswi kusema hivyo. Maji yetu ya kisima tunayajua. Nimekulia Kiamunyi, na nikicheka utaona meno yangu yana rangi ya chai ya maziwa, kama ya nusu ya watu niliosoma nao. Ni floridi hiyo, iko kwenye maji ya Bonde la Ufa tangu enzi na enzi. Na ukichemsha maji hayo sufuria inabaki na ukungu mweupe ambao hautoki hata ukisugua na mchanga. Ukungu huohuo ulibaki chini ya chupa zangu, hafifu, huwezi kuuona usipoinua chupa dirishani. Sikuinua.

Ijumaa Prof hakwenda Ndabibi asubuhi kama kawaida yake. Alitaka kumaliza kundi moja la punje. Hatua ya mwisho ya kazi ile ni kuziosha punje mafuta yanayozizunguka, na hapo ndipo bluu ilipomshinda kila siku: ukiosha kidogo, mafuta yanazuia umeme, ukiosha sana, punje zinachubuka ngozi na mwanga unakufa. Aliziosha ndani ya chupa zangu. Akapaka kioo, akafunga taa, akawasha.

Nilikuwa naandika lebo. Halafu nikasikia wimbo wa harusi, kwa sauti kubwa, bila aibu yoyote. "Fundi! Fundi, acha hiyo, njoo! Kuja uone!" Nikaenda. Jamani! Taa iliwaka kwa umeme uleule wa siku zote lakini mwanga ulikuwa maradufu, ukatuchora nyuso. Na haikugeuka upesi. Tulingoja igeuke. Tulikula njugu zote za mfuko wa kulia tukingoja. Ilipoanza kuelekea kijani, chai yangu ilikuwa imepoa kabisa. Prof alitoka mbio koridoni na koti lake, akamkumbatia mlinzi, akampigia mke wake simu akimwambia, "Mama, leo imekubali! Imekubali!" Nilicheka hadi nikalia. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na furaha ya namna hiyo, na mimi pia nilikuwa nayo.

Ndani ya wiki hiyo aliandika muhtasari akaupeleka kwa waandaaji wa mkutano wa wanasayansi Nairobi. Wakamkubali. Angesimama mbele ya watu wa nchi nyingi, wiki mbili kabla ya kustaafu. Alinunua tai. Kilichobaki ni kurudia jaribio ili awe na taa kadhaa za kuonyesha, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Biolojia walikuwa wametupa maji tena, mimi nilikuwa naosha mara tatu kama mcha Mungu, na taa zilitoka dhaifu kama zamani. Wimbo wa mazishi ukarudi. Prof alipitia daftari mstari kwa mstari. "Kuna kitu nilifanya," alisema. "Kuna kitu nimesahau." Akaanza kujishuku uzee.

Mimi nilijua siku ya tatu. Niliinua chupa moja ya kundi lile dirishani, nikaona ukungu. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu mwenyewe, "chupa zimesafishwa kama kawaida." Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Niliogopa kufukuzwa, ndiyo, lakini zaidi niliogopa ile tai. Wewe ungemwambia? Mzee amengoja miaka yote hiyo, amepata siku moja ya furaha, na wewe umwambie furaha yako ni uchafu wangu?

Mwisho nilimwona ameshika kichwa, anaandika kwenye karatasi dalili za ugonjwa wa kusahau. Hapo nikashindwa.

"Prof," nikasema, "si wewe. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Zile chupa za Alhamisi. Sikuziosha vile unataka. Niliziosha kwa bomba ya nje."

Akavua miwani. "Bomba gani ya nje?"

"Ya kisima. Na sikuweka spiriti. Nilikuwa na haraka ya mtoto."

Uso ulimwiva. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, umeniua." Nikaanza kulia kweli, si machozi ya kuombea huruma. Aliniacha nilie. Alisimama akaenda kusoma lile bango lake juu ya sinki, nadhani alilisoma mara kumi. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani naye analia. Kumbe mzee anacheka!

"Maji ya kisima," akasema. "Miaka yote natafuta dawa kwenye vitabu vya Wachina na Wakorea, kumbe iko kwa bomba! Chukua ndoo, wacha kulia. Chukua ndoo!"

Aliichukua mwenyewe, hakuningoja. Siku nne tulifanya kazi kama wendawazimu. Chupa nne tulisuuza kwa maji ya kisima, nne kwa maji ya mvua, nne kwa maji ya kutoneshwa. Za kisima ziliwaka. Nyingine zikawa zilezile. Tukarudia, za kisima zikawaka tena. Kila mara Prof alinipiga begani hadi nikapata alama, na mimi nikaimba pamoja naye wimbo wa harusi, na mwalimu wa darasa la jirani akahamisha wanafunzi wake.

Nilidhani sasa anakwenda Nairobi na habari nzuri zaidi. Siku ya tano nikamkuta anaandika barua ya kujiondoa kwenye mkutano.

"Kwani nini?" nikauliza. "Si tumepata?"

"Tumepata ndoo," akasema. "Ndani ya hiyo ndoo kuna vitu ishirini. Ni kipi? Floridi? Magadi? Kitu kingine? Mimi siendi kusimama mbele ya watu niwaambie maji ya kisima chetu ni matakatifu."

"Lakini Prof, hutapata nafasi nyingine."

"Najua."

Aliituma barua. Sikumwelewa siku ile, na nilimkasirikia kwa niaba yake. Muhula ulipoisha walimuaga kwa keki na hotuba, wakampa saa ya ukutani, akaenda Ndabibi na ile tai haijawahi kufungwa shingoni. Kwenye daftari aliniachia mstari mmoja wa mwandiko wake: "Kosa la Fundi lisifutwe. Lifuatiliwe."

Nilifuatilia. Mwalimu aliyechukua nafasi yake alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, dada mmoja mpole mwenye subira ambayo Prof hakuwa nayo. Tulichukua kila kilichomo kwenye maji yetu tukakijaribu kimoja kimoja, chumvi baada ya chumvi, tukianzia na maji safi kabisa. Ilituchukua zaidi ya mwaka. Ni floridi. Juu ya ngozi ya kila punje kuna mashimo madogo, mahali bromidi au kloridi imebanduka, na umeme ukiangukia humo unapotea bure. Floridi inaingia kwenye shimo na kung'ang'ania, na ikishakaa hapo zile chumvi mbili haziachani ovyo. Ilihitajika kidogo sana. Ikizidi, punje zinakufa. Ile iliyoniharibia meno ndiyo iliyoponya bluu, na siku tulipohakikisha nilikwenda chooni nikajitazama kwenye kioo nikacheka na meno yangu yote nje.

Siku nne baadaye nilikuwa Ndabibi. Nilibeba taa kwenye kopo la biskuti, imefungwa kati ya vioo viwili na kuzibwa kwa gundi, maana unyevu ni adui yake. Prof nilimkuta zizini amevaa gambuti, amekonda kidogo, sweta ni ileile. "Fundi! Umekuja kuniosha?" Nikamwambia nimekuja kumwonyesha kitu. Akaangalia kopo, akaniangalia mimi, na ndoo ya maziwa akaiweka chini bila kuangalia inakaa wapi.

Nje jua lilikuwa kali mno, kwa hiyo tuliingia ghalani na kufunga mlango. Tukakaa kwenye magunia ya mahindi, magoti yakigusana. Niliunganisha betri. Bluu ikajaa ghala. Mahindi yaliyomwagika sakafuni yalionekana punje kwa punje.

Hakuimba chochote. Aliuliza ni chumvi gani, nikamwambia. Aliuliza tumerudia mara ngapi, nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha tukaitazama. Nje kuku walilia, ng'ombe mmoja akamaliza haja zake zote, mtu akapita na pikipiki, na taa ilikuwa bado inawaka vilevile. Nikamwona anafuta macho, anatazama, anafuta tena.

"Inageuka?" akaniuliza.

"Haigeuki."

"Mimi naona bluu. Lakini nimeitaka sana, Fundi. Siwezi kuyaamini haya macho. Na yako pia siyaamini."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mke wake, mikono ina unga wa ugali hadi kwenye viwiko, amekuja kutuita tukale. Prof alinyoosha mkono akamshika kitambaa cha kiunoni, kama mtoto.

"Mama, funga mlango. Njoo hapa. Tazama hii taa uniambie ni rangi gani."

Akafunga. Akainama, akaitazama taa, akamtazama mumewe, kisha mimi, nadhani akijiuliza kama jua limetupiga sote wawili.

"Ni bluu," akasema. "Kwani mlitaka iwe gani?"

Prof akafumba macho.

"Rudia," akasema.

"Ni bluu, Mzee. Bluu kabisa. Sasa njooni mle."